Goti la Juro

Mume wangu Juro Hudak alikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilikuwa za kugonga. Majira ya joto aligonga chuma kiwandani pamoja na kaka zangu. Majani yakianza kupukutika aligonga watu, na kwa hilo alilipwa na Nyundo, timu ya bonde letu. Jumapili padri alikuwa akifupisha mahubiri yake mwenyewe bila kuombwa, maana naye alitaka kuwahi uwanjani.

Mpira ninaousema ni huu wetu wa Marekani, wenye umbo la yai, unaobebwa kwapani na kurushwa kwa mkono. Wapo wanaoubeba, na wapo wanaowasubiri wabebaji. Juro alikuwa msubiriji. Alisimama katikati, nyuma ya wale wanene wa mbele, na kila aliyefanikiwa kupenya alimkuta yeye, na safari yake iliishia hapo. Miaka ile watu hawakukumbatiana kama mnavyoona siku hizi. Waligongwa. Meno yaliokotwa kwenye nyasi, na aliyezimia alinusishwa chupa ya dawa kali akarudi mchezoni.

Lakini msidhani alikuwa mkatili. Alikuwa na sheria zake. "Nakugonga ukiniona," alikuwa akisema, "na mpira uko kwako." Akishamwangusha mtu alimpa mkono akamwinua. Mechi ikiisha, sisi wake tulisubiri kwenye geti la wachezaji, na waliopigwa na Juro walikuwa wakija kunisalimia huku wakichechemea.

"Bibie, huyu mumeo unamlisha nini?"

"Kabichi," nawaambia. "Kamwambie mkeo naye ajifunze kupika."

Sisi Waslovaki tulitukanwa kwa kabichi tangu babu zetu walipoteremka melini, kwa hiyo niliona ni heri nilitaje mwenyewe kabla hawajalitaja.

Basi ikaja Novemba ya mwaka hamsini na saba. Mvua ilinyesha wiki nzima, uwanja ukawa tope la kufinyangia vyungu. Tulikuwa tunacheza na Makasia, timu ya kule ziwani. Pembeni mwao alicheza mtu mmoja mrefu, Clyde Rademacher, namba themanini na nne. Mpira ulikwenda upande wa kulia. Juro akageuka kuufuata, na huyo Rademacher, ambaye mpira haukumhusu hata kidogo, akamjia kutoka ubavuni, akainama, akamtia bega gotini.

Wanaume wananiambia haiwezekani kusikia goti ukiwa jukwaani. Mimi nilisikia.

Refa hakupuliza filimbi. Sheria za wakati ule ziliruhusu mambo hayo, na mwenye kulalamika alionekana mtoto. Lakini Feri Sabol, aliyecheza karibu na Juro, aliyasikia maneno ya Rademacher alipoinuka: "Lala hapo, mla kabichi." Kisha akamruka mume wangu kama mtu anavyoruka gogo njiani, akaenda zake.

Daktari alilifungua goti akalishona, akalifungua tena. Juro alikosa msimu mzima. Dume lile, lililokuwa likiinua tanuri, lilikuwa likishuka ngazi za nyumba yetu kwa makalio. Mama yake, Mama Zuzana, tuliyekuwa tukiishi naye, alilifunga goti kwa majani ya kabichi kila jioni, akiomba rozari. Mimi sikuomba rozari. Nilikuwa nikimwogesha mume wangu kwenye beseni na kumtakia Rademacher upele, moto wa nyumba na watoto wasiomsikia. Nilimchukia mtu yule kiasi kwamba chakula kilinichachia mdomoni, na sioni haya kusema.

Juro hakutukana. Alikwenda kwa kocha akaazima filamu ya mechi ile na mashine yake, akatundika shuka jikoni. Feri akawa anakuja kumwendeshea.

"Rudisha," Juro anasema.

Feri anarudisha. Pale kwenye shuka, themanini na nne anakuja, anainama, anapiga.

"Rudisha."

"Juro, utaifanya filamu ikatike, bwana."

"Rudisha, nimesema."

Mama Zuzana alikuwa akipita na ndoo yake ya makaa, akipiga ishara ya msalaba. "Shuka nililolalia na marehemu baba yako, leo mnamtandikia ibilisi!"

Filamu ile haikuwa na uso. Kofia ngumu, tope, na namba mgongoni. Siku zile fulana hazikuandikwa majina, na wachezaji wenyewe hawakuitana majina. Makocha walifundisha hivyo: themanini na nne mzito akigeukia kushoto, thelathini na moja anaogopa kuguswa mbavu. Mtu ulimjua kwa namba, ukampiga kwa namba.

Sasa kwetu kuna desturi ya mkesha wa Krismasi. Nyota ya kwanza ikionekana, mama wa nyumba anamchora kila mtu msalaba wa asali kwenye paji la uso, kisha anashika mkate mweupe mwembamba kama karatasi, uliobarikiwa kanisani. Kabla ya kuumega, kila aliye mezani anataja kwamba amewasamehe wote waliomkosea mwaka ule. Asiyesamehe haumegi, na asiyeumega hali. Wengi wanalisema tu haraka haraka, maana supu ya uyoga inapoa.

Zamu ya Juro ikafika. "Nimewasamehe wote," alisema, "isipokuwa mmoja."

"Mwanangu," Mama Zuzana akamwambia, "hakuna isipokuwa."

"Basi mama, nyinyi kuleni."

Akachukua fimbo yake akatoka, akaenda kukaa kwenye banda la njiwa kwenye baridi. Nami nikaweka kijiko chini.

"Na wewe Margita umekosewa na nani?" mama mkwe akaniuliza.

"Na huyo huyo, mama. Goti ni la Juro, lakini beseni ni langu. Akutendaye mtende."

Nikajitanda shali nikamfuata mume wangu. Tulikula mkate mkavu wa kawaida kati ya njiwa, na nawaambieni, ulikuwa mtamu. Mwaka uliofuata tulitoka tena, na mwaka wa tatu pia. Makasia hawakupangwa kucheza na sisi muda wote huo. Juro alikuwa amesharudi uwanjani, mzito kidogo upande wa kushoto, lakini akigonga kuliko mwanzo. Watu walisema amerudi na njaa. Mimi nilijua njaa ya nini.

Desemba ya mwaka wa sitini Makasia wakaja.

Wiki ile kocha aliwaonyesha filamu ya Makasia ya mwezi Septemba, na humo alikuwamo themanini na nne, mguu ule ule mrefu, kuinama kule kule. Jumapili asubuhi nilimfunga mume wangu goti kwa bendeji, nikakaza.

"Usimwinue," nikamwambia.

"Simwinui."

Tope lilikuwa limechanganyika na theluji. Mabenchi ya jukwaani yalikuwa na barafu, kwa hiyo vijitabu vya mechi, vyenye majina yote ya wachezaji, tulivikalia sote makalio yasigande. Kipindi cha kwanza themanini na nne hakupita katikati hata mara moja. Cha pili vile vile. Nilikuwa nimeuma glavu yangu hadi ikatoboka. Halafu, mechi ikielekea ukingoni, akakatiza katikati, mikono juu, macho kwenye mpira, shingo wazi kabisa.

Juro alikuja na uzito wa miaka mitatu yote.

Kigasha chake kilimpata chini ya kidevu. Kofia iliruka upande wake, mtu akaenda upande wake. Uwanja mzima ulisimama ukanguruma, na mimi nilipanda juu ya benchi nikapiga kigelegele mpaka sauti ikanikauka. Malipo ni hapa hapa duniani! Nilimshika mwanamke wa pembeni nisiyemjua nikambusu.

Nikamwona Juro anainama juu yake. Nilijua anasema nini, maana sentensi ile alikuwa ameitunza tangu siku za shuka: "Mla kabichi anakusalimu." Alitakiwa aseme, amruke, aondoke. Hakuondoka. Alipiga magoti pale pale topeni, kwa goti lile lile bovu, akaanza kumfuta mtu yule tope usoni kwa kiganja.

Baadaye aliniambia. Alipoisema sentensi yake, yule aliyelala alijibu, na alijibu kwa lugha ya nyumbani kwetu. Alisema, "Mama, sioni."

Hakuwa Rademacher. Makasia walikuwa wamemtema Rademacher mwezi Oktoba kwa kuwa miguu imechoka, na fulana yake wakampa kijana aliyekuja badala yake, Pavol Ondrus, mtoto wa mchimba makaa kutoka nyuma ya vilima vyetu. Mslovaki mwenzetu. Hakuwa amemkosea Juro kitu chochote duniani. Mwaka ule wa goti alikuwa bado shuleni.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Nilibeba sufuria la supu, maana mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Mlangoni mwa chumba alikaa mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani, mikono yake imetulia mapajani. Alimtazama Juro kuanzia viatu hadi utosini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Jicho moja litarudi kidogo kidogo. La pili, daktari anasema nisisubiri. Alimaliza shule ili asiingie mgodini kama baba yake, akapata mpira. Sasa mgodi wenyewe haumtaki."

Juro alifungua kinywa. Yule mama akainua mkono mmoja tu.

"Usiniombe. Nakuwahi mapema usije ukapata tabu ya kuniomba. Mkesha wa Krismasi huu mimi sitaumega mkate. Nitatoka nje. Na nataka ujue ni kwa ajili yako, Juro Hudak. Mke wake, chukua sufuria lako."

Nilichukua sufuria. Ningekuwa yeye ningeimwaga ile supu, kwa hiyo nilimheshimu.

Nyota ya Krismasi ilipotoka, tulikaa mezani. Mama Zuzana alituchora asali. Juro aliuangalia mkate muda mrefu, kisha akasema, "Nimewasamehe wote." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelipa faini.

Mama Zuzana akanigeukia. "Margita, ulizoea kuniambia methali. Akutendaye mtende. Imalizie basi."

"Unaijua mwenyewe, mama."

"Imalizie!"

"Mche asiyekutenda," nikasema.

"Enhe. Na huyo mtoto wa Ondrus alikutenda nini?"

Hakunitenda kitu. Lakini kusamehe sikusamehe. Rademacher alikuwa bado anatembea na magoti yake mawili, na sasa alikuwa na macho ya Pavol pia katika hesabu yake. Nilisimama nikaenda kwa njiwa, safari hii peke yangu.

Na msiba haukuishia hapo. Makasia walibaki bila mtu wa pembeni, mechi zimebaki, na wakati ule wa mwaka mtu mpya hapatikani. Wakampigia simu nani? Feri ndiye aliyeleta gazeti, akaliweka mezani akiwa hataki kutuangalia. Clyde Rademacher amerudishwa kikosini. Namba themanini na nne.

Juro alisoma, akakunja gazeti, akaenda kuwalisha njiwa. Mimi nilivunja sahani. Niliivunja kwa makusudi, kisha nikachukua nyingine.

Msimu uliofuata, Oktoba, Makasia wakarudi kwetu. Mara hii kijitabu sikukikalia. Nilikisoma mara tatu: C. Rademacher. Jua lilikuwa linawaka, uwanja mkavu, kila uso unaonekana. Nikasema Mungu naye amechoka kusubiri.

"Ni yeye leo," nilimwambia Juro nikimfunga bendeji. "Yeye mwenyewe, na ngozi yake."

"Najua."

"Basi?"

"Basi funga, mke wangu. Usikaze sana."

Sikuipenda sauti ile. Na mechi ilipoanza nikaona kilichoharibika. Juro, kabla ya kumgonga mtu yeyote, alikuwa akimtazama usoni. Ni kitambo kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi. Lakini kazi ile haina hodi. Mbebaji wa kwanza alimpita. Wa pili akamburuza. Kocha akapiga kelele pembeni, "Hudak! Unatafuta nini usoni mwao, mchumba?"

Kisha Rademacher akakatiza katikati. Mikono juu, shingo wazi, mahali pale pale. Nilisimama. Nilipiga ukelele, "Mpige, Juro! Mpige!" na sauti yangu ilifika, maana wengine waligeuka. Juro alimfikia. Alimtazama. Alimwona kwamba ndiye, nina hakika alimwona. Na alipokuwa bado anamwona, Rademacher alidaka mpira, akampita, akakimbia peke yake hadi mwisho wa uwanja.

Tulishindwa. Getini nilisubiri na wake wengine, hakuna aliyenisemesha. Juro alitoka amebeba mkoba wake, nywele mbichi. Na nyuma yake, akiharakisha, mkono ameunyoosha mbele, meno yote nje, alikuja Rademacher.

"Hudak! Ngoja kidogo, bwana! Nimekutafuta tangu mwaka jana nikushukuru."

Juro akasimama. "Unishukuru nini?"

"Si wewe uliyenirudishia kazi? Nilikuwa nimeshaanza kuuza mafriji, mwenzangu! Mafriji! Ukamlaza yule kijana, Jumatatu simu ikalia. Mke wangu anakuombea mpaka leo."

Alikuwa ameushika mkono wa mume wangu anautikisa kwa furaha. Sikuona kejeli usoni mwake, na niliitafuta. Ningeipata ningefurahi.

"Goti langu," Juro akasema.

"Goti gani?"

Hapo sikuvumilia. Niliinama pale getini mbele ya watu, nikashika suruali ya mume wangu nikaipandisha hadi pajani. Kovu lile lilizunguka kama reli iliyopinda. "Goti hili!" nikamwambia. "Liangalie! Ulikuja ubavuni, mpira haukukuhusu, ukamwambia lala hapo mla kabichi. Ukamruka!"

Rademacher aliinama akalitazama goti kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Hili nililifanya mimi?" Akajikuna kichwa. "Mwaka gani huo, bibie?"

"Hamsini na saba."

"Aa, hamsini na saba." Alitikisa kichwa polepole, anatafuta, hapati. "Pole sana, bwana. Yalikuwa mengi mwaka ule."

Nilimzaba kibao. Nilikizaba kwa mkono mzima. Rademacher alishika shavu lake. Hakukasirika. "Sawa, bibie," alisema, na akatembea kwenda kwenye basi lao, mrefu, magoti yote mawili mazima. Kiganja kiliniwaka mpaka jioni, na moyo haukupoa hata chembe. Miaka minne yote nilikuwa nimeketi kitako na adui, nikila naye, nikilala naye, na yeye hakuwahi kujua kama nipo.

Timu ilimwacha Juro kabla theluji haijaanguka. Walisema ni goti. Akarudi tanurini mwaka mzima kama wengine, na hakuwa mtu wa kunung'unika. Lakini jioni ile ya getini, tulipofika nyumbani, alikaa mezani na kofia yake kichwani, chakula kinapoa, nami nazunguka jikoni nikimlaani Rademacher na ukoo wake.

"Yalikuwa mengi," nikasema. "Umemsikia? Mengi! Hata aibu ya kudanganya kwamba anakumbuka hana."

Midomo ya Juro ilikuwa inacheza kama mtu anayehesabu.

"Unafanya nini?"

"Natafuta majina," akasema. "Ya wale niliowavunja mimi. Yule wa mbavu, yule wa taya, yule aliyebebwa kwa machela tukiwa ugenini. Nina la Pavol Ondrus. Wengine wote nina namba tu."

"Wewe uliwapiga wakikuona. Uliwainua."

"Niliwainua, ndiyo." Akavua kofia akaiweka mezani. "Margita, huko jikoni kwa watu, leo hii, kuna mwanamke anazunguka hivi hivi unavyozunguka. Na jina langu analijua lote."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilitaka kumwambia si kitu kimoja.

"Aje," nikasema. "Atanikuta mimi."

Juro hakucheka. Alivuta sahani yake akaanza kula.